Nyepesi, Inamfaa Mwanamke

Mwanangu Dwayne alitumia kipupwe kizima kuchagua bunduki. Mkewe Renae alikuwa amemchagua yeye kwa dansi moja tu ya polka, kwenye harusi ya watu wengine, na mpaka leo nashindwa kuamua ni nani kati yao aliyechagua vibaya zaidi. Mimi ndiye niliyemzaa Dwayne. Nimemnyonyesha, nimemfuta kamasi, kwa hiyo nikimsema mtu asinikataze.

Mambo yalianza mume wangu Emil alipofariki, mwezi wa Novemba, mahindi yakiwa yameshavunwa. Emil alikuwa mmoja wa watu watano wa kikosi cha klabu yetu ya kulenga visahani. Nyuma ya kibanda cha mashine kuna nafasi tano za kusimama, na yeye alikuwa mtu wa nafasi ya tatu, ile ya katikati, tangu Dwayne hajazaliwa. Unaita "Vuta!", kisahani cha udongo kinachomoka kibandani na kukukimbia, wewe unakipasua kwa marisau au unabaki kukitazama kikienda zake. Ndiyo kazi yenyewe. Katika pembe yetu hii ya Nebraska watu wameachana na kurudiana kwa ajili ya mchezo huo.

Siku zile za mwisho hospitalini, Emil alimwita Renae, si Dwayne. Akamwambia mbele yetu sote, "Nafasi yangu uichukue wewe. Usije ukamwachia mtu asiyejua kulenga." Dwayne alikuwa amesimama pale pale dirishani. Tulipotoka nje akasema dawa zimemvuruga mzee akili. Dawa! Emil akiwa mahututi alikuwa na akili kuliko ukoo wake mzima wa Kovarik ukiukusanya ukumbini.

Lakini kwetu nafasi hairithiwi kwa maneno. Ikibaki wazi hupiganiwa Jumapili ya kwanza ya Aprili, mbele ya watu, visahani ishirini na tano kila mmoja. Renae aliitaka kwa sababu Emil alimwona anaiweza. Dwayne aliitaka kwa sababu jina lake ni Kovarik.

Renae anaendesha basi la shule. Asubuhi na alasiri watoto wa watu wanapiga makelele nyuma ya kisogo chake, na akirudi nyumbani kuna Dwayne. Emil alimfundisha kulenga kwa bunduki yake mwenyewe, ya kujipakia, kuukuu, nzito kama mlango wa ghala, kitako chake kimeungwa kwa gundi. Kwa bunduki hiyo Renae alikuwa anapasua ishirini na tatu bila kukunja uso. Dwayne ni mtu wa kumi na tisa. Alikuwa mtu wa kumi na tisa akiwa kijana mwenye nywele, na yuko hapo hapo akiwa na upara.

Kwetu pia bunduki za baba huenda kwa mtoto wa kiume. Desturi hiyo sikuitunga mimi, na kama ningeulizwa ningeifuta. Dwayne akazirithi, kisha akaamua kwamba kinachomfunga kwenye kumi na tisa ni chombo. Akawa anashinda mbele ya kompyuta akisikiliza wanaume wenye ndevu wakilinganisha shotigani. Mezani hatukuwa na mazungumzo mengine. Ya Kituruki bei nafuu, ila. Ya Kiitaliano ghali, ila. Viazi vinapoa, yeye yuko kwenye "ila". Nilimwonea huruma Renae, halafu nikajionea huruma mimi, maana huyo ndiye mtoto pekee niliyejaliwa.

Februari akatangaza kwamba amepata jawabu. Atanunua zote mbili.

"Moja yangu, moja ya Renae," alisema, amejaa ukarimu mpaka shingoni.

"Renae ana bunduki," nikamwambia.

"Ile ya baba? Mama, ile chuma chakavu. Dukani wanaipokea, wanatupunguzia bei."

Nilikwenda nao Omaha kwa sababu nilitaka kuiaga. Muuzaji alikuwa kijana aliyevaa shati lenye mifuko kumi, yote mitupu. Aliipokea bunduki ya Emil kwa vidole viwili, akaifunga kikaratasi, akaisukuma pembeni. Kisha akaziweka mbili mpya kwenye zulia la kaunta.

"Hii ya Kiitaliano, bosi, ndiyo mambo yote," akamwambia Dwayne. "Inajipakia kwa gesi ya baruti, na gesi hiyo hiyo inameza teke la bunduki kurudi nyuma. Unapiga kutwa nzima, bega halina habari."

"Na hiyo nyingine?" nikauliza.

"Ya Kituruki, mama. Robo ya bei ya mwenzake, na ni imara, haikorofishi. Yenyewe haitumii gesi, inajipakia kwa nguvu ya teke lake lenyewe." Akamgeukia Renae na kumtabasamia. "Halafu ni nyepesi, dada. Nyepesi, inamfaa mwanamke."

Hapo naomba nisimame kidogo. Bunduki nzito hukaa na sehemu kubwa ya teke lake. Bunduki nyepesi humpa lote aliyeishika. Si elimu ya chuo hiyo, anaijua yeyote aliyewahi kufyatua mbili tofauti siku moja. Na mchezo wetu unapakia risasi moja moja, kwa hiyo hata hiyo sifa ya kujipakia haina maana sana. Kinachonunuliwa pale ni bega. Lakini kila mwaka wanaume wazima huingia madukani, huwanunulia wake zao bunduki nyepesi kuliko zote, wakarudi nyumbani wakijisikia wema. Wanawake wakiacha kuja klabuni, wanaume hao hao husema mchezo huu si wa kike.

"Kijana," nikamwambia, "hii umewahi kuifyatua wewe?"

"Mimi upande wangu mauzo tu, mama."

"Nilijua."

Renae alikuwa bado ameshika kitako cha bunduki ya Emil. "Dwayne, si ungeniachia tu hii ya mzee? Mimi nimeshaizoea."

"Wewe bado unajifunza," Dwayne akasema. "Ya bei nafuu inakutosha kwa sasa. Halafu, mke wangu, bunduki ni bunduki. Anayelenga ni mtu."

"Kama bunduki ni bunduki," nikasema, "wewe chukua ya Kituruki."

Kijana wa mauzo alicheka. Dwayne hakucheka. "Mama, usianze," akasema, akatoa kadi ya benki.

Bunduki ya Kiitaliano ilikuja na sanduku lake gumu, ndani limetandikwa mahameli mekundu. Hilo sanduku lilinikera kuliko bunduki yenyewe. Dwayne akifika klabuni haliweki chini. Analipandisha mezani, anasubiri watu wakusanyike, anafungua kifungo kimoja, anasalimia, anafungua cha pili. Akishamaliza maonyesho anakwenda kupasua kumi na tisa. Ya Renae ilikuwa inasafiri nyuma ya pikapu, imefungwa kwenye blanketi la mbwa.

Katikati ya Machi tulikuwa jikoni kwangu tukikanda unga wa kolachi, vile vikate vya Kicheki vyenye plamu, vya kuuza klabuni. Nikamwambia Renae anishushie trei ya juu. Mkono wa kulia ukafika usawa wa sikio, ukagoma. Nikamsogelea nikavuta ukosi wa blauzi yake, na yeye hakunizuia. Kuanzia kwenye mfupa wa shingo mpaka karibu na kwapa ngozi ilikuwa zambarau, na pembeni manjano, pale ambapo jeraha la wiki iliyopita lilikuwa linapona.

"Basi la shule limekugonga?"

"Ni bunduki, mama."

"Dwayne kaliona hili?"

"Kaliona. Anasema nashika vibaya." Akarudisha ukosi. "Mama, labda kweli nashika vibaya. Nimeshuka mpaka kumi na sita. Labda mzee alikuwa ananihurumia tu."

Hasira niliyoipata hapo sitaisahau. Lile bega lingepona. Ila kumfanya mtu aliyefunzwa na Emil aanze kudhani kwamba Emil alikuwa anamhurumia, hilo sikulisamehe, na sijalisamehe.

Nikamtoa nje, nyuma ya ghala. Emil aliacha risasi mfu kadhaa, maganda yaliyojazwa mchanga badala ya baruti. Unazichanganya na zilizo hai, unampa mtu moja moja bila kumwambia. Ile ya mchanga ikifika, bunduki haipigi, na hapo ndipo unapoona mwili wa mtu unafanya nini. Mtutu wa Renae uliinama chini kabla hata kidole hakijamaliza kuvuta. Macho yamefumba. Mwili ulikuwa umeshajifunza kuliogopa teke, na unalikimbia kabla halijafika. Sisi tunauita ugonjwa huo kigutuko, na klabuni hautajwi kwa sauti, hasa mbele ya mgonjwa.

"Umeona?" nikamuuliza.

Aliona. Machozi yakamlengalenga, akayafuta kwa mkono wenye unga. "Sasa nafanyaje?"

"Unamwomba mumeo mbadilishane mpaka Aprili. Akikataa, tunalitibu hili hapa hapa."

Alimwomba mbele yangu, wakati wa chakula, kwa adabu ambayo mimi nisingekuwa nayo. Dwayne akameza tonge lake kwanza. "Nimeshairekebisha kwa bega langu, Renae. Na nimeshakuambia, bunduki ni bunduki. Fanya mazoezi."

Basi tukafanya mazoezi. Kila akirudi kazini, nyuma ya ghala, risasi ya mchanga, risasi hai, hai, mchanga. Nilimshonea pedi ya bega kwa taulo kuukuu. Aliuma meno mpaka taya likamuuma. Kigutuko hakikuisha, ila kilipungua, akapanda kumi na saba, kumi na nane. Teke lilikuwa lile lile. Alichojifunza ni kuumia bila kufumba macho, na mimi nikawa nasimama nyuma yake nikimlaani mwanangu kwa Kicheki, lugha ambayo naitumia kwa sala na matusi tu.

Jumapili ya Aprili upepo ulikuwa wa kaskazini, watu wamejaa ndani ya nyumba ya klabu wakila maharage ya nyama na mikate ya mdalasini. Waliojiandikisha kugombea walikuwa hao wawili tu. Wengine walimheshimu marehemu, au waliogopa ulimi wangu. Dwayne akafungua sanduku lake. Kifungo kimoja, salamu, kifungo cha pili.

Alipata kumi na tisa. Hakuna aliyeshangaa.

Renae alianza vibaya, akakosa viwili mfululizo, kisha akatulia. Kila alipofyatua niliona kofia yake inaruka. Kisahani chake cha mwisho kiliegemea kushoto, akakifuata, kikapasuka vipande viwili tu, lakini kipande kimoja kinatosha. Kumi na tisa.

Watu wakaacha kutafuna. Mzee Lumir Hajek, mwenyekiti wetu, akainuka kwenye kiti chake cha kukunja, akasema neno moja.

"Badilishaneni."

Hiyo ndiyo desturi ya klabu yetu, na sijaiona kwingine. Zamani ndugu wawili walitoka sare, wakarudia, aliyeshindwa akadai bunduki ya mwenzake ndiyo iliyoshinda, wakaacha kusemeshana mpaka kaburini. Tangu hapo watu wakitoka sare, hubadilishana bunduki, wanasimama nafasi inayogombewa, wanapokezana visahani vitano vitano. Ukikataa kubadilishana umeshindwa. Dwayne amekulia humo, anaijua desturi hiyo kama anavyolijua jina lake. Kilichompita ni kwamba siku moja ingemgusa yeye na sanduku lake la mahameli.

"Mzee Lumir," akasema, "hii yangu imerekebishwa kwa mwili wangu. Itamsumbua Renae. Namfikiria yeye."

"Itanisumbua kidogo tu," Renae akasema. "Lete."

"Renae, hujaizoea—"

"Dwayne," nikasema kwa sauti ya kufika mpaka jikoni, "si bunduki ni bunduki?"

Watu wakacheka, na hakuwa na pa kutokea. Akamkabidhi, chemba wazi, kama mtu anayetoa figo. Naye akapokea ya Kituruki, akaipima mkononi, akanitupia jicho. "Nyepesi kweli," akasema.

Dwayne akaanza. "Vuta!" Kisahani kikapasuka, na Dwayne akarudi hatua nzima nyuma. Akajipapasa shavu.

Zamu ya Renae. Nilimwona anajikaza, bega limepanda, taya limekazwa, vile vile kama nyuma ya ghala. "Vuta!" Akakosa. Kisahani kikaenda zake mpaka kwenye mabua makavu ya mahindi. Lakini hakukitazama. Alikuwa ameshusha mtutu, anaitazama ile bunduki mikononi mwake, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama," akasema. Mstarini hatuzungumzi, wala hakuna aliyemkemea. "Mama, haiumi."

Akageuka, akamtazama mumewe. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa anaelewa jambo, taratibu, moja baada ya jingine. Bega, kumi na sita, kushika vibaya, usiku anaolalia ubavu mmoja. Dwayne akatazama viatu vyake.

Cha pili cha Dwayne alikikosa. Cha tatu mtutu uliinama kabla risasi haijatoka, wazi kabisa, mbele ya klabu nzima. Akageuka amewiva masikio. "Hii bunduki ina kasoro! Inapiga mateke! Mzee Lumir, itazamwe hii, ina kasoro!"

"Haina kasoro," Renae akasema. "Ndivyo ilivyo."

Hakukosa tena. Vinne vilivyobaki alivigeuza vumbi, vumbi jeusi lililopeperushwa na upepo mpaka likatufikia sisi wa nyuma, na Mzee Lumir akavua kofia. Dwayne alimaliza na viwili. Nafasi ya Emil ikaenda alikoitaka Emil.

Sasa, palikuwa na dakika moja. Nataka kumtendea haki mwanangu, kwa hiyo nasema dakika hiyo ilikuwepo. Renae alimnyooshea ile ya Kiitaliano ili aichukue, maana desturi inasema mkimaliza kila mtu anarudishiwa chake. Alichotakiwa kusema Dwayne ni "kaa nayo", basi. Nilimtazama mdomo. Watu wote walimtazama mdomo. Akaichukua. Akatoa kitambaa mfukoni, akafuta mahali pote mkewe alipogusa, akailaza kwenye mahameli, akafunga kifungo kimoja, akafunga cha pili. Mama mzazi ana mengi ya kuona akiishi sana.

Renae aliokota pedi yake ya taulo, akala mkate wa mdalasini, akapongezwa, akaendesha pikapu mpaka nyumbani.

Jumapili iliyofuata kikosi kilikuwa na mechi ya kwanza ya ligi, pale pale kwetu. Renae aliondoka asubuhi peke yake. Dwayne akafika baadaye, akiwa amesuka hadithi nzima ya jinsi upepo ulivyomchezea. Alikuwa amejiandikisha kwenye raundi ya watazamaji. Akapandisha sanduku mezani. Akasubiri watu wakusanyike. Kifungo kimoja, salamu, kifungo cha pili.

Ndani, juu ya mahameli mekundu, imelala ya Kituruki, imefunikwa blanketi la mbwa.

Nje Renae alikuwa ameshasimama nafasi ya tatu. Dwayne akatoka mbio, mkate bado mkononi. "Renae! We Renae! Hiyo ni yangu!"

Wenzake wanne wakabaki wanatazama mbele, maana mstarini hatugeuki. Renae naye hakugeuka. Akatia risasi, akapandisha kitako begani, pale pale penye zambarau.

"Bunduki ni bunduki, Dwayne," akasema. "Vuta!"

Kisahani kikawa vumbi. Dwayne akanigeukia mimi, mtu mzima wa miaka arobaini, midomo inamcheza, anataka mama yake aingilie kati.

"Mama, unaona anachofanya?"

"Naona," nikamwambia. "Nenda kachukue ile iliyobaki, mwanangu. Nyepesi ile, haitakuchosha."